Kromosomu ya Philadelphia katika majibu ya kaka yako

Dada, umeuliza kama kromosomu (uzi unaobeba jeni ndani ya seli) ya Philadelphia iliyoonekana kwenye vipimo vya damu vya kaka yako ni ugonjwa wa ukoo, na kama wanawe nao wapimwe. Hapana. Hitilafu hiyo hairithiwi wala hairithishwi, kwa kuwa huanza ndani ya seli moja ya uboho, pale kromosomu ya 9 na ya 22 zinapobadilishana vipande, jeni za BCR na ABL1 zikaungana na kuzalisha protini inayoiamuru seli igawanyike bila kukoma.

Watafiti wa Marekani Peter Nowell na David Hungerford waliiona kwa hadubini mwaka 1960, ikiwa kromosomu fupi isivyo kawaida. Mwaka 1973 mtafiti mwenzao Janet Rowley akaonyesha kwamba kipande kilichopungua kilikuwa kimehamia kwingine.

Muulizeni daktari ni saratani ya damu ya aina gani, kwani alama hiyo huonekana pia katika baadhi ya saratani kali za damu, yaani zinazokwenda kwa kasi, na mwelekeo wake ni tofauti. Ikiwa ni ile sugu ya mieloidi, yaani ya polepole inayoanzia kwenye seli za uboho zinazotengeneza damu, alama hiyohiyo inayotisha ndiyo shabaha ya imatinibu, dawa ya vidonge iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Ningekushauri uitunze kila karatasi ya kipimo cha PCR, kinachopima kiasi cha jeni hizo zilizoungana katika damu: baada ya miezi 3 ya dawa, kiwango cha BCR-ABL1 kinatarajiwa kiwe kimeshuka hadi asilimia 10 au chini yake, na kisiposhuka, jambo la kwanza ambalo daktari atauliza, kwa haki kabisa, ni kama vidonge vinamezwa kila siku.