Kabla hujaflashi: majibu kuhusu butiloda, rikava na IMEI iliyopotea

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu simu za bei ya chini, Tecno, Infinix, Redmi na Samsung za mfululizo wa A, ambazo wenyewe wanataka kuzifungua butiloda na kuziflashi, yaani kuandika rikava nyingine ndani yake. Nimechagua chache. Zenye hatari kubwa nimezijibu kwa urefu.

Shikamoo fundi. Nasoma chuo hapa Dodoma, nina Tecno yenye chipu ya MediaTek. Wenzangu wanasema nifungue butiloda kwanza ndipo niweke TWRP. Butiloda hasa ni nini, na kwa nini picha zangu zote zitapotea?

Marahaba. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, Android si ya kwanza kuamka. Kwanza huamka programu ndogo iliyochongwa ndani ya chipu yenyewe, nayo inaiamsha priloda, priloda inaiita butiloda, na butiloda ndiyo inayopakia Android au rikava. Kila mmoja anamkagua anayemfuata kama ana muhuri wa kiwanda. TWRP ni rikava iliyotengenezwa na watu wa kujitolea wa Team Win, haina muhuri wa Tecno, kwa hiyo butiloda iliyofungwa itaikataa tu hata ukiileta mara mia.

Rikava nayo ni mfumo mdogo unaojitegemea, unakaa pembeni ya Android. Ile ya kiwandani inajua kufuta data na kupokea masasisho, basi. TWRP inakuruhusu kuchukua nakala ya mfumo mzima, kuweka romu nyingine, yaani toleo jingine la Android, na kuingia kwenye mafaili hata kama Android imegoma kuwaka.

Picha zinafutwa kwa makusudi, na mimi naunga mkono kabisa. Fikiria simu yako imechomolewa mfukoni Kariakoo. Kama kufungua butiloda kusingefuta kitu, mwizi angeifungua, akaweka rikava yake, kisha akajisomea meseji zako bila kujua namba yako ya siri. Kwa hiyo simu inauharibu ufunguo wa data yako kabla ya kumfungulia mtu yeyote mlango, wewe mwenyewe ukiwemo. Hamisha picha zako kwenda kompyuta kwanza. Kadi ya kumbukumbu nayo itoe, ikae mezani.

Utaratibu ni huu: Mipangilio, Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7. Ndani ya Chaguo za wasanidi programu washa Ufunguaji wa OEM na Utatuzi wa USB. Kwenye kompyuta yenye programu za adb na fastboot, zinazoiamuru simu kupitia waya wa USB, andika "adb reboot bootloader", kisha "fastboot flashing unlock", halafu ukubali kwenye simu kwa kitufe cha kuongeza sauti. Baada ya hapo kila ukiwasha utaona maneno "Orange State" kwa sekunde 5. Huo si ugonjwa. Simu inakutangazia, wewe na yeyote atakayeishika, kwamba mlango wake uko wazi.

Kaka, nina Infinix Hot 10 Play. Sikupata TWRP yake, nikachukua ya Hot 10 maana ni ndugu. Kwa "fastboot flash recovery" haikuingia, rafiki akaniambia nijaribu "fastboot flash boot". Ikaandika OKAY. Sasa inaonyesha nembo, inazima, inaonyesha nembo, tangu jana. Nimeiua? (Msomaji, Kahama)

Hujaiua. Tulia, na uichomoe kwenye chaji isichemke bure.

Kwanza kosa. Majina ya simu hizi yanadanganya. Hot 10 ni modeli X682, Play ni X688, Lite ni X657, na hazitumii chipu ya aina moja. Faili la rikava hubeba ndani yake kerneli, yaani kiini kinachoongea na kioo, betri na hifadhi. Kerneli ya X682 ikipelekwa kwenye X688 inazungumza na vifaa ambavyo havipo. Na hata X688 kwa X688 haitoshi: kama faili ni la Android toleo jingine, kioo kinaweza kuwa cheusi au mguso ukagoma. Kinachotakiwa kulingana ni namba ya modeli pamoja na nambari ya muundo, herufi kwa herufi.

Ushauri wa rafiki yako haukutoka hewani. Zipo simu ambazo rikava haina chumba chake kwenye hifadhi, inaishi ndani ya chumba cha boot, kile kinachoiwasha Android, hasa zile zenye pande mbili, A na B. Ukitaka kujua ya kwako iko vipi, kabla ya kugusa chochote andika "fastboot getvar current-slot". Ikijibu a au b, ni ya pande mbili. Lakini hata kwenye simu za namna hiyo, faili hutengenezwa mahususi kwa ajili ya chumba hicho. Wewe umefuta boot ya Android na kuweka kitu cha simu nyingine. Ndiyo maana inazunguka.

Sasa dawa. Butiloda haijaguswa, kwa hiyo hali ya fastboot, inayopokea amri za kompyuta, bado ipo. Zima simu, shikilia kitufe cha sauti pamoja na cha kuwasha mpaka uione. Tafuta fimwea kamili (programu zote za kiwandani) ya X688 yenye nambari ya muundo ileile uliyokuwa nayo, ifungue, toa boot.img, kisha "fastboot flash boot boot.img". Kama ni hilo tu lililoharibika, simu itawaka na data yako ikiwemo.

Fastboot ikigoma, bado MediaTek ina mlango wa mwisho: ile programu iliyochongwa ndani ya chipu haiwezi kufutwa na mtu yeyote. Simu ikiwa imezimwa, shikilia vitufe vya sauti huku ukichomeka waya, na SP Flash Tool, programu ya kompyuta ya kuflashi simu za MediaTek, itaiona kwa sekunde chache. Simu mpya zaidi zimewekewa kufuli hata hapo, kwa hiyo usiutegemee kama bima.

Nawaandikia wote hapa: sijaona simu iliyokufa kwa sababu ya kufunguliwa butiloda. Nilizoletewa zikiwa zimekufa ziliuawa na faili lisilo lake, na mwenyewe hakuwa ameweka faili la asili pembeni kabla ya kuanza. Mteja akija kwangu bila fimwea ya muundo wake, naitafuta kwanza, hata ikichukua siku mbili, ndipo nachomeka waya.

TWRP imeingia vizuri lakini inaonyesha hifadhi MB 0 na majina ya mafolda ni herufi zisizosomeka. Je, hifadhi imeungua?

Hapana. Data imesimbwa, yaani imefungwa kwa msimbo wa siri, nayo TWRP hiyo haina ufunguo wake. Kila simu iliyotoka kiwandani na Android 10 au zaidi lazima isimbe data, na rikava nyingi za simu za bei ya chini hazijafundishwa kuisimbua. Kama huna cha kupoteza, ingia Wipe, Format Data, andika "yes", kisha iwashe upya rikava. Kama una vitu vyako mle, usiguse hapo. Tumia kadi ya kumbukumbu au flashi ya USB kuingiza mafaili.

Na kwa wale wanaosema rikava "inajifuta": ukishaiweka usiiache simu iwake kwenye Android. Ingia rikava moja kwa moja kwa vitufe, maana simu nyingi zikiwaka hurudisha ile ya kiwandani.

Fundi, nilitumia SP Flash Tool, simu imewaka vizuri ila haishiki mtandao. Nikipiga *#06# hamna namba, inaandika kwamba IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, ni batili. Kuna mtu mjini Mwanza anasema ataniwekea IMEI yoyote kwa elfu kumi. Nikubali?

Usikubali. Hili nalijua kwa uchungu wangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini dada mmoja aliniletea simu iliyokwama kwenye nembo. Kwenye SP Flash Tool kuna chaguo tatu, nami nikachagua "Format All + Download" kwa kudhani kwamba kusafisha kila kitu ndiyo kazi nzuri. Simu ikawaka ikiwa mpya, nikapokea pesa yake nikiwa nimeridhika. Jioni akarudi: laini zote mbili hazishiki. Nilikuwa nimefuta chumba cha NVRAM, ambako IMEI na vipimo vya redio vya simu ile, na ile peke yake, vilikuwa vimehifadhiwa. Nilimrudishia fedha yake na nikakaa na simu ile siku nne. Tangu siku hiyo naanza na "Download Only", na sigusi kitu kabla ya kunakili nvram, nvdata, nvcfg, protect1 na protect2. Programu ya mtkclient inafanya kazi hiyo kwenye chipu nyingi za MediaTek, na faili zake ni ndogo. Ziweke mahali pawili.

Kwako wewe ambaye huna nakala: IMEI zako halisi zina tarakimu 15 kila moja, ziko kwenye boksi, na kwenye baadhi ya simu kwenye karatasi iliyo chini ya betri. Peleka simu na boksi kituo cha huduma cha kampuni yenyewe. Za Tecno, Infinix na itel hushughulikiwa na Carlcare. Kurudisha namba yako mwenyewe ni matengenezo. Kuweka namba "yoyote" ni jambo jingine kabisa. Hapa Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inalihesabu kuwa kosa la jinai. Na mnakumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia nchi nzima. Wakenya walikwishaonja hayo tangu 2012. IMEI uliyouziwa kwa elfu kumi inaweza kuwa ya simu iliyoibwa Moshi. Polisi wakiifuatilia, wanakukuta wewe.

Nina simu ya mkopo, nimebakiza miezi mitano, inajifunga nikichelewa. Nikifungua butiloda lile kufuli litaondoka?

Sitakusaidia katika hilo. Simu si yako mpaka umalize. Piga simu kwa waliokukopesha uombe kupangiwa upya. Hiyo ndiyo njia ninayoweza kukushauri.

Baada ya kuruti kwa Magisk, yaani kujipa mamlaka yote juu ya mfumo wa simu, programu ya benki inasema simu si salama. Wengine wanasema nifiche kwamba nimeruti. Kuna njia ya uhakika?

Hakuna ya uhakika. Google ina ukaguzi unaoitwa Play Integrity, ulioichukua nafasi ya SafetyNet, na mojawapo ya mambo unayotazama ni hali ya butiloda. Watu huficha, Google inaziba, watu huficha tena. Unaweza kulala programu inafanya kazi, ukaamka siku ya kulipa ada ya mtoto imegoma. Pesa kwa njia ya menyu, kama *150*00# ya M-Pesa, haijali butiloda, hiyo itaendelea. Lakini kama biashara yako inategemea programu ya benki, fanya majaribio kwenye simu ya pili, ya zamani. Nasema hivi ingawa napenda kazi hii kuliko kazi nyingine yoyote.

Samsung A yangu ina warranti ya miezi minane. Nikifungua kisha nikarudisha kila kitu watajua?

Watajua. Ukiwasha mfumo usio wa Samsung, fyuzi ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung, iliyo ndani ya prosesa inakatika, 0x0 inakuwa 0x1, na hairudi milele hata ukiweka fimwea ya asili. Folda Salama nayo inakufa. Subiri miezi minane iishe. Na ujue kwamba kwenye One UI 8, toleo lake la mfumo wa simu, Samsung imeondoa swichi ya kufungua butiloda, kwa hiyo kama una nia hiyo fikiri kabla ya kupokea sasisho.

Redmi inaniambia nisubiri saa 168 kabla ya kufungua butiloda. Kuna mtu wa kuifupisha?

Saa 168 ni siku 7. Subiri, laini ikiwa ndani ya simu na akaunti ileile ya Mi. Wanaouza njia ya mkato wengi wao wanataka akaunti na nywila yako.

Nimeamua kuuza simu. Nikiandika "fastboot flashing lock" nimemaliza?

Ukiandika hivyo sasa hivi ukiwa na TWRP ndani, utaiua simu iliyokuwa nzima. Butiloda ikifungwa inaanza tena kukagua mihuri, inakuta rikava isiyo ya kiwanda, inakataa kuwasha. Na kwa kuwa imefungwa, fastboot nayo haikuruhusu tena kurekebisha. Nimepokea simu tatu za namna hii mwaka huu, na wenye simu walikuwa watu makini, walitaka tu kumwachia mnunuzi kitu safi.

Fuata mpangilio. Rudisha fimwea kamili ya kiwandani ya modeli yako, ikiwemo boot, rikava na vbmeta, ile karatasi ya mihuri ambayo wengi huwa wameizima walipoweka TWRP na kuisahau. Usirudishe toleo la zamani kuliko lililopo, maana simu nyingine, hasa za Xiaomi, huhesabu matoleo na kugoma kurudi nyuma. Iwashe, iache ifike kwenye ukurasa wa kuchagua lugha, piga *#06# uone namba zote mbili, ingia rikava uhakikishe ni ile ya kiwandani. Hayo yakiwa sawa, ndipo uifunge. Data itafutika mara nyingine, na ule ujumbe wa "Orange State" utaondoka. Akaunti yako ya Google iondoe kwenye mipangilio kabla ya kuanza yote haya, vinginevyo mnunuzi atakupigia usiku akiomba nywila.