Umebadilisha kompresa? Gesi isubiri kwanza

Mtu akishafunga kompresa (pampu inayosukuma gesi) au kondensa (rejeta ya mbele inayopoza gesi) mpya ya AC ya gari, hamu yake yote ni gesi. Anataka ubaridi leo hii. Mimi nikiwa na gari la namna hiyo mbele yangu, gesi naiwaza mwisho kabisa, maana kuijaza ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kutoa hewa na unyevu vilivyoingia mabomba yalipofunguliwa.

Unyevu ukikutana na gesi na mafuta huzaa asidi inayokula vyuma kwa ndani. Tena tone la maji likifika kwenye valvu ya upanuzi, kitundu chembamba gesi inapopita na kupoa, huganda na kuziba njia: AC inapoa vizuri dakika chache, inakata, ukiizima kidogo inarudi. Ndiyo sababu draya, chupa ya kunyonya unyevu, hubadilishwa mfumo unapofunguliwa. Punje zilizomo ndani yake huanza kunyonya unyevu wa hewani mara tu vizibo vinapotoka, kwa hiyo iwe kifaa cha mwisho kufungwa. Wapo wanaorudisha ya zamani eti bado nzima. Siwaelewi. Oringi, yaani pete za mpira za kuzuia kuvuja, nazo ziwe mpya kila kiungio ulichogusa, na uzipake mafuta ya kompresa, si grisi.

Mafuta yenyewe yanataka hesabu. Huzunguka pamoja na gesi, kwa hiyo kila kifaa unachotoa huondoka na fungu lake. Yamimine ya kompresa ya zamani kwenye chombo chenye vipimo uone yalikuwa kiasi gani, kisha uulize mpya imekuja na mafuta au kavu. Yakizidi hutanda ndani ya evaporeta (kipozaji kilicho nyuma ya dashibodi) na ubaridi unapungua. Yakipungua, kompresa inajisaga. Mafuta ya aina ya PAG 46, 100 na 150 yanatofautiana unene, fuata aliyotaja mtengenezaji. Gari la haibridi au la umeme ambalo kompresa yake huzungushwa na umeme mkubwa ni habari nyingine: nyingi hutaka mafuta ya aina nyingine, POE, na PAG ikiingia humo inaharibu kinga ya umeme.

Sasa pampu ya vakyumu, ile ya kufyonza hewa yote iliyomo. Geji zina mipira mitatu: wa bluu upande wa presha ndogo, mwekundu upande wa presha kubwa, wa njano kwenye pampu. Mshale hushuka upesi hadi karibu inchi 29 za zebaki chini ya sifuri, na wengi huzima hapo. Iliyotoka ni hewa tu, maji bado yamo. Presha ikiwa chini kiasi hicho maji huchemka kwa joto la kawaida na kutoka kama mvuke, lakini polepole. Naiacha pampu dakika 45, na saa nzima au zaidi kama mfumo ulikaa wazi. (Ukiwa mahali palipoinuka sana mshale hautafika 29. Usikutishe.)

Funga valvu za geji kwanza, ndipo uzime pampu. Subiri nusu saa ukiutazama mshale. Ukitulia, endelea. Ukipanda kidogo kisha ukasimama, mara nyingi ni maji yaliyobaki yanageuka mvuke. Rudisha pampu kazini. Ukipanda bila kusimama, kuna mahali panavuja. Hata ukitulia usijiamini sana, kwa sababu vakyumu ni jaribio jepesi kando ya psi 200 na zaidi zinazokuja kompresa ikizunguka. Mwenye mtungi wa naitrojeni apime nayo kabla ya vakyumu, na povu la sabuni kila kiungio.

Gesi hupimwa kwa mizani. Kiasi chake kimeandikwa kwa gramu kwenye lebo iliyo chini ya boneti, na geji haiwezi kukuambia hicho. Gari likiwa limezimwa na joto ni nyuzi 30, gesi ya R134a itaonyesha karibu psi 97 iwe imejaa au nusu, mradi ndani kuna kimiminika. Hamishia mpira wa njano kwenye kopo la gesi na kwanza utoe hewa iliyo ndani yake. Injini ikiwaka, jaza upande wa bluu peke yake, kopo likiwa wima ili iingie gesi na si kimiminika. Valvu nyekundu usiiguse: presha ya upande ule ikirudi kwenye kopo, kopo hupasuka. Vaa miwani na glovu, kwani R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri na jicho halivumilii hilo. Magari mapya mengi yana gesi nyingine, R1234yf. Viungio vyake vimetengenezwa tofauti makusudi, usitafute adapta.

Ukimaliza, chomeka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi. Uzito ukiwa sahihi, presha za pande zote mbili zikiwa za kawaida, na hewa bado ni vuguvugu, achana na gesi. Kagua kile kilango cha nyuma ya dashibodi kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi. Kikikwama upande wa hita, hata ujaze upya mara ngapi hakuna kitakachobadilika.