Dozi ya kwanza haisubiri Jumatatu: kwa watarajali na wauguzi wapya wa EMD (idara ya dharura)

Kila kundi jipya la watarajali likiingia EMD, sentensi ileile hurudi kwenye mafaili ya zamu ya usiku: "Ameelekezwa CTC Jumatatu." Mwandiko mzuri, saini ipo, na aliyeandika anaamini kamaliza kazi. Wadogo zetu, tunawapenda. Mnakesha na watu waliovunjika mifupa ilhali nyinyi wenyewe hamjala tangu mchana. Lakini sentensi hiyo tumechoka kuisoma: CTC ni kliniki ya VVU, na aliye hatarini kuambukizwa VVU leo hapaswi kuisubiri.

1. PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari) huanzia EMD

Piga hesabu. Mwanamke kabakwa Ijumaa saa nne usiku. Kafika kwenu Jumamosi saa nane usiku, saa 4 tu baada ya tukio, na wachache sana hufika mapema hivyo. Anashonwa, anapewa dawa ya maumivu, anaandikiwa CTC Jumatatu. Jumatatu saa tatu asubuhi yuko kwenye benchi: saa 59 zimepita. Faili linatafutwa, mshauri yuko kikaoni, anaonwa saa sita mchana: saa 62. Hapo mambo yamekwenda vizuri. Ikiwa Jumatatu ni sikukuu, au nauli imekosekana, au kamwona jirani yake pale mlangoni akageuza, basi ikifika saa nne usiku muda umekwisha. Aliingia mikononi mwenu akiwa na saa 68 za akiba.

Saa 72 ni ukomo. Kirusi kikishavuka utando hutumia siku mbili tatu za mwanzo kujizalisha kwenye seli za karibu na kufika kwenye tezi za limfu, kisha husambaa mwilini. Dawa inafanya kazi katika kipindi hicho, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Ndani ya saa 2 ni bora kuliko saa 20, na saa 20 ni bora kuliko 70. Anayekuja saa ya 71 naye apewe hapo hapo, msianze kubishana naye.

Visingizio vya ripoti ya asubuhi tumeshavikariri.

"Nilikuwa nasubiri kreatinini." Kweli, hicho ni kipimo cha figo, na tenofovir, mojawapo ya dawa za PEP, hutolewa mwilini na figo, na mwenye uwezo wa figo chini ya mililita 50 kwa dakika hutafutiwa mseto mwingine. Kwa hiyo muulize kama amewahi kuambiwa ana tatizo la figo. Kama hapana, kidonge kimoja hakitamdhuru wakati maabara inafanya kazi yake. Majibu yakija vibaya, dawa itabadilishwa kesho.

"Nilikuwa nasubiri kipimo chake cha VVU." Kipime, ni dakika chache. Lakini vitendanishi vikiwa vimekwisha, mpe dozi na upime baadaye. Akija kuonekana tayari anaishi na VVU, anahamia CTC kuendelea na matibabu, na hiyo TLD uliyompa (kidonge kimoja chenye dawa tatu) ndiyo hasa angeanzishiwa huko.

"PF3 haijaja." PF3 ni karatasi ya polisi. Dozi itoke, afisa ustawi wa jamii na ndugu washughulikie karatasi. Hata kushona jeraha hamsubirii PF3, kwa nini kidonge ndicho kisubiri?

Mtu mzima, na kijana wa kilo 30 au zaidi: TLD, yaani tenofovir miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegravir 50, kidonge 1 kwa siku kwa siku 28. Toa kopo zima la vidonge 30. Pakiti ya siku 3 ya "kuanzia" ni njia ya uhakika ya kumpoteza mtu siku ya nne. Mtoto aliye chini ya kilo 30 hupimwa uzito, hakadiriwi kwa macho. Wa kilo 12, kwa mfano, dolutegravir yake ni vidonge 2 vile vya miligramu 10 vinavyoyeyuka majini, na dawa nyingine mbili husomwa kwenye jedwali la uzito.

Kabla hajaondoka, uliza dawa nyingine anazomeza. Anayetumia rifampisini huongezewa dolutegravir 50 baada ya saa 12. Karbamazepini na fenitoini nazo huishusha dolutegravir, mpigie mfamasia. Metformini isizidi gramu 1 kwa siku. Vidonge vya kiungulia vyenye aluminiamu au magnesiamu vimezwe saa 2 baada ya TLD, au saa 6 kabla yake. Pima pia HBsAg (kipimo cha homa ya ini B), kwa sababu mwenye homa ya ini B akiacha tenofovir ghafla siku ya 28, ini linaweza kuwaka. Huyo asiachwe bila ufuatiliaji.

2. Manusura wa ubakaji na lundo la vidonge

Kosa hili hufanywa na wenye huruma zaidi. Mnataka amalize kila kitu kwa mara moja: TLD, levonorgestreli ya kuzuia mimba, azithromaisini gramu 1 na metronidazoli gramu 2 za magonjwa ya zinaa, vyote kwa tumbo tupu. Nusu saa baadaye vyote viko sakafuni. Anza na TLD na levonorgestreli miligramu 1.5 (ina nafasi hadi saa 120, lakini nayo hupenda mapema), mpe chai na kitu cha kutafuna, na dawa ya kichefuchefu ikibidi. Metronidazoli inaweza kusubiri mpaka tumbo litulie. Chanjo ya homa ya ini B ichomwe siku hiyohiyo.

3. Ukijichoma sindano

Sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue kidole, usimwagie jiki, usikisugue kwa spiriti. Damu ikirukia jichoni, osha kwa maji safi au salini mpaka utosheke, kisha ongeza kidogo. Hatari ya VVU kwa sindano yenye damu ya mtu asiye kwenye dawa ni takriban 3 kwa 1,000. Homa ya ini B kwa asiyechanjwa ni kubwa mara nyingi zaidi, na bado kuna watarajali wasiojua walichanjwa dozi ngapi. Jasho, mate na mkojo usio na damu havihitaji PEP. Maji ya uti wa mgongo, ya mapafu na ya uzazi yanahitaji. Mgonjwa ambaye damu ni yake akiwa hana fahamu, meza dozi kwanza, mengine yatafuata. Na toa taarifa. Kumeza kimyakimya kwa kuogopa maneno ya wodini ndiko kunakowafanya watu waache siku ya kumi.

4. Kupima katikati ya vurugu

Kwa utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, takriban watu wazima 83 kati ya 100 wanaoishi na VVU Tanzania wanajua hali yao. Waliobaki hawaji kliniki. Wanakuja kwenu, wamebebwa kwenye bajaji, goti limechubuka, na wengi ni vijana wa bodaboda ambao mara ya mwisho kuonana na muuguzi ilikuwa chanjo ya surua.

Usimwombe ridhaa mtu anayelia kwa maumivu. Tuliza kwanza, kisha uliza kwa sauti ya chini. Pazia huzuia macho tu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2019, mwenye miaka 15 huridhia mwenyewe.

Kipimo kinaharibika kwa haraka zenu. Kama mnatumia kipimo cha Determine, damu ya kidole ni mikrolita 50, subiri inyonywe, kisha tone 1 la bafa (kimiminika cha kipimo), na usisome kabla ya dakika 15 wala baada ya 60. Andika saa kwenye kifaa chenyewe kwa kalamu. Kifaa kilichosahaulika juu ya toroli tangu mabadilishano ya zamu hakisomwi, kinatupwa. Kile cha kujipima kwa mate husomwa dakika ya 20 hadi 40, na kikionyesha mistari miwili bado anahitaji vipimo vya uthibitisho.

Mwenye homa, koo linalouma, vipele na malaria hasi, kipimo cha haraka kinaweza kusema hasi wakati virusi vimejaa damuni. Mpangie kurudia baada ya wiki 4.

5. "Hasi" si mwisho wa mazungumzo

Ongeza swali moja: ndani ya siku tatu zilizopita kuna lililotokea? Likiwepo, rudi namba 1. Lisipokuwepo lakini amekuja na usaha sehemu za siri, au anarudia PEP kwa mara ya pili, huyo ni wa PrEP (dawa za kuzuia VVU kabla ya tukio). Anayemaliza PEP siku ya 28 akiwa hasi huunganishwa na PrEP bila kuruka hata siku moja. Chukua namba yake ya simu na uandike ni nani mwingine huipokea, maana ujumbe wa dawa ukisomwa na shemeji, mmeharibu nyumba ya watu.

6. Kabati

TLD makopo mawili, dolutegravir ya watoto, levonorgestreli, vipimo, rejesta. Kinachokaribia kuisha muda kikae mbele. Ufunguo ubaki na kiongozi wa zamu, usiende nyumbani na mfamasia, na uandikwe kwenye makabidhiano mstari uleule mnaoandika mitungi ya oksijeni.