Nenda na jambo moja la kwenu: siku nne peke yangu Lisbon

Dada zangu wengi wakisikia nilikaa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, siku nne bila mwenzangu huniuliza swali lile lile: hukuogopa? Niliogopa. Usiku wa kwanza nililala nimekumbatia begi. Lakini siku zile zimenifunza kuzurura kuliko safari zote nilizofuatana na watu, na ninakuandikia wewe unayeahirisha kila mwaka kwa kuwa hujapata wa kwenda naye.

Mimi nimekulia Kilwa Masoko. Tulipokuwa shule ya msingi tulivushwa kwa mashua kwenda Kisiwani kuona magofu ya Msikiti Mkuu na ya Husuni Kubwa, jumba la kale la masultani. Siku ile mwalimu alitueleza kuwa Mreno Vasco da Gama alipokuja na merikebu zake mwaka 1502 alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, na dhahabu ile ikafuliwa chombo cha kanisa ambacho kipo Lisbon mpaka leo. Neno hilo halikunitoka. Basi nilipopata nafasi sikuandika orodha ya vivutio ishirini. Nilikwenda kutafuta kitu kimoja. Nawe fanya hivyo: chagua jambo moja linalokuhusu, hata likiwa dogo, ulifuate kwa miguu. Mengine utayaokota njiani.

Chombo kimehifadhiwa Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, barabara ya Janelas Verdes. Nilifika Jumatatu asubuhi nikakuta mlango umefungwa. Makumbusho mengi ya Lisbon hayafunguliwi Jumatatu, kwa hiyo hakikisha siku kabla hujapanga ratiba. Nilikaa kwenye bustani iliyo jirani nikitazama bandari na mto Tejo, machozi yakinilengalenga. Kisha nikanyanyuka, nikaufuata mto kuelekea mjini. Hakuna wa kumshauri, hakuna wa kumwomba radhi. Siku bora ya safari yangu ilianzia kwenye mlango ule uliofungwa.

Ukitembea hivyo utafika Baixa, katikati ya mji, ambako mitaa imenyooka kama iliyopigwa rula. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliubomoa mji, na sehemu hii ikajengwa upya chini ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme. Hapa hupotei. Watakaokunong'oneza wanakuuzia bangi, wapite bila kujibu wala kupunguza mwendo. Nilifanya hivyo, na hakuna aliyenifuata.

Alfama, mtaa mkongwe wa jirani, ndiko unakotakiwa kupotea. Tetemeko liliacha vichochoro vyake vingi, navyo ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye vikapu hupishana kwa ubavu. Nguo zimeanikwa madirishani, harufu ya samaki wa kuchoma inakujia kabla hujaona jiko. Nilijiona niko Mji Mkongwe, Unguja, ila huku unapanda ngazi mpaka magoti yanalia. Simu ikazima. Hofu ikanishika, kwa kuwa kila kona ilifanana na iliyotangulia. Bibi mmoja dirishani, anakung'uta kitambaa, akaniona nazungukazunguka. Hakusema neno. Alinyoosha mkono akauelekeza chini, mara mbili, kama anayemwaga maji. Nikaelewa: mtaa wote umekaa kilimani na chini yake ni mto. Ukipotea Alfama, teremka. Kwa kila mji, kabla hujatoka, tafuta kitu kimoja kama hicho kisichohitaji chaji: mto, kilima, mnara unaoonekana mbali.

Viatu navyo si jambo la kupuuza. Njia za miguu zimetandikwa vipande vya mawe meupe na meusi ambavyo vimesuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa, na mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Vaa raba zenye meno. Tramu namba 28 inapendeza, lakini hujaa watu na wachomoaji wa mifukoni wanaijua. Begi lipakate mbele.

Kula peke yako ndiko kunakowatisha wengi. Mimi nilikula mchana, wakati wafanyakazi wanapojaa kwenye vimkahawa na chakula cha siku huwa nafuu. Mwenye mkahawa aliinua kidole kimoja akaniuliza, "Mesa?" Meza! Nilicheka kwa furaha mlangoni pale, maana neno ni letu sote. Tangu hapo nikaanza kuyasikia maneno kama hayo kila mahali: bandeira ni bendera, lenço ni leso. Na makanisa mengi yana kibao kimeandikwa Igreja, yaani kanisa, ndilo hilo lililotuzalia gereza, kama lile boma la Gereza la kule Kisiwani. Mkate na zeituni wanazokuletea kabla hujaagiza si zawadi. Ukivigusa utalipia, usipovitaka sema virudishwe. Na kama huli nguruwe uliza hata kuhusu supu, kwani caldo verde huwekwa soseji ndani.

Upweke utakuja, mara nyingi magharibi, watu wanaporudi makwao. Mimi upweke uliponijia nilikwenda Largo de São Domingos, uwanja ulio mjini, ambako Waafrika, wengi wa Guinea-Bissau, hukutana kupiga soga. Kireno changu hakifiki popote, lakini kina mama pale walinisogezea nafasi nikakaa nao.

Jumanne nilirudi Janelas Verdes. Chombo hakifiki hata urefu wa mita moja. Ni dhahabu yenye rangi za kupendeza, na mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka. Kilikamilika mwaka 1506, mwaka mmoja baada ya Mreno mwingine, Francisco de Almeida, kuiteka na kuipora Kilwa. Nilikitazama nusu saa nzima, na hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwamba sikuja na mtu wa kunihimiza. Nilikuwa na uchungu na fahari kwa pamoja, navyo vinataka muda.

Chini, kwenye kitako, maandishi yanakizunguka. Niliinama nikayafuata herufi kwa herufi mpaka nikafika: QUILOA. Nikalitamka kwa sauti, Kilwa. Mlinzi akageuka. Nikamwonyesha neno lile, kisha nikajigusa kifuani. Akalitazama, akanitazama, akasogea pembeni ili mwanga unifikie vizuri.