Barua kwa Mwanangu: Siku Sita za Pemba

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Umeniuliza kama siku sita zinatosha kumwonyesha mume wako Pemba, au ni afadhali mkae Unguja ambako hoteli ni nyingi na bahari iko mlangoni. Zinatosha, ila msianze na ufukwe.

Pwani yetu, kama unavyokumbuka, sehemu kubwa ni mikoko na hori zinazoingia ndani ya nchi kavu, na mchanga mweupe umejificha pembeni. Ufukwe wa Vumawimbi uko kaskazini kabisa, upande wa Ras Kigomasha, na barabara ya kwenda huko inapita katikati ya msitu wa Ngezi. Wageni wengi huupita msitu huo wakiwa wamefunga vioo vya gari, wakiwahi kuogelea. Nyinyi shukeni, mwende kwa miguu pamoja na mtu wa msitu, naye awaonyeshe mpapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao haupatikani porini popote duniani ila kisiwani kwetu. Popo wakubwa wa Kidike nao ni wa Pemba peke yake. Waliwindwa kwa nyama hadi wakakaribia kutoweka, na leo wanakijiji wenyewe ndio wanaowalinda. (Wewe uliwaogopa; usimwambukize mwenzio.)

Kisiwa cha Misali kipeni siku nzima. Mtapanda mashua Wesha, na njiani umsimulie mkwe wangu kisa cha Nabii Hadhara, ambaye inasemekana aliomba msala, yaani mkeka wa kusalia, akaukosa, akasema kwamba kisiwa kile, kwa jinsi kilivyoelekea kibla, ndicho kitakachokuwa msala wake. Nakuomba umsimulie kabla hamjafika, kwa kuwa wavuvi wanaopiga dago, yaani kambi yao ya uvuvi, pale hawakioni kisiwa kile kuwa mahali pa starehe tu, na mgeni anayelijua hilo hukaa nao kwa adabu bila kuhimizwa. Matumbawe na samaki atajionea mwenyewe akizamisha uso majini.

Kuhusu mavazi, ukiwa majini vaa utakavyo panapofaa, lakini mkipita kijijini jifunge kanga, naye avae suruali inayofunika magoti. Mkikuta msimu wa karafuu, msiishie kupiga picha majamvi yaliyoanikwa kandokando ya barabara. Jioni huwa tunakaa barazani kuchambua, karafuu huku na makonyo, yaani vijiti vyake, kule, nami nitampa fungu lake. Kiswahili chake kitapata mazoezi zaidi hapo kuliko hotelini, na shangazi zako wana maswali mengi ya kumwuliza.

Kuhusu safari yenyewe, kama mnakuja wakati wa kusi, pandeni ndege hadi Chake Chake. Mwaka juzi nilivuka mkondo wa Nungwi kwa boti katika upepo huo, na mpaka tunatia nanga Mkoani sikuwa na nguvu ya kubeba hata mkoba wangu. Wakati wa kaskazi bahari huwa na huruma zaidi.

Nitajie tarehe mapema. Bamvua, yaani maji makuu ya bahari, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji yakitoka siku hizo hutoka mbali sana. Nataka niutazame mwezi kwanza, ndipo nizungumze na nahodha kuhusu siku ya Misali.

Mama yako