Msimamo kwanza, mbinu baadaye: namna ya kuchambua hotuba ya Lumumba

Katika kazi za wanafunzi wa mwaka wa sita hapa Bukavu, sentensi inayorudi kuliko zote ni hii: «Mwandishi anatumia takriri ili kuvutia msomaji.» Sarufi yake ni safi, ila haisemi kitu. Ihamishie kwenye maandishi mengine yoyote, hata tangazo la sabuni, itakaa vilevile. Sentensi inayokaa popote haijachambua chochote. Ukiulizwa jinsi mwandishi anavyoonyesha msimamo wake, anza na hili: huyu anaionaje habari anayoisema? Kwa uchungu? Kwa dharau? Kwa matumaini? Mbinu zinafuata nyuma, kama mashahidi.

Tuchukue hotuba ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ya tarehe 30 Juni 1960, siku nchi ilipopata uhuru kutoka kwa Ubelgiji. Wengi wenu mnayo kwenye kaye (daftari).

Isome mara tatu. Mara ya kwanza biki ikae mezani, na ukimaliza andika pembeni neno moja la hisia. Wengi huandika «hasira». Si vibaya kuanzia hapo, lakini hasira ya mtu anayefoka si sawa na ya mtu anayetaja madeni moja moja mbele ya watu. Mara ya pili piga mstari chini ya maneno yaliyokugusa, yasizidi kumi. Mara ya tatu tafuta pale sauti inapogeuka, uweke alama.

Muktadha upe mistari miwili tu. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alikuwa ametangulia kuongea, akiisifu kazi ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo hapo mwanzo. Lumumba anaposimama, anawasalimu kwanza Wakongo, wanaume kwa wanawake, waliopigania uhuru. Mfalme yuko palepale, na salamu ya kwanza haimwendei. Hiyo tayari ni mbinu, nawe itaje hata kama hujui jina lake.

Kisha inakuja «nous avons connu» (sisi tumeyajua), mwanzoni mwa sentensi, tena na tena. Usiishie kusema ni takriri. Jaribu kubadilisha neno uone kinachopotea. Weka «wao» mahali pa «sisi»: inakuwa taarifa ya historia. Weka «tumesikia» mahali pa «connu»: inakuwa habari ya kuambiwa. Kwa Kiswahili tungesema «tumeyaonja», maana ni mambo yaliyopita mwilini. Na kila anaporudia anataja jambo jipya: kazi ya kuchosha, matusi na mapigo asubuhi, mchana na jioni, ardhi iliyonyang'anywa, sheria isiyokuwa moja kwa Mzungu na kwa Mweusi. Hapo hapigi kelele mtu, hapo panasomwa mashtaka. Basi futa «hasira», andika «uchungu wa mtu anayejiheshimu».

Sehemu tunayoipenda zaidi, na ambayo wanafunzi huiruka, ni swali lake: nani atasahau kwamba Mweusi aliambiwa «tu» («wewe» ya Kifaransa isiyo ya heshima), si kama rafiki, bali kwa sababu «vous» ya heshima iliwekwa kwa Wazungu peke yao? Swali la namna hii Kiswahili kinaliita tashititi, halingoji jibu. Lakini nguvu yake iko katika udogo wa kitu alichokichagua. Baada ya kutaja mapigo, anashuka hadi kwenye neno la herufi mbili. Mwanafunzi yeyote anajua kwamba prefe (mkuu) wa shule haambiwi «tu». Kwa hiyo dharau iliyokuwa ndani ya neno hilo unaisikia sikioni kabla hujaielewa kichwani. Mkijadili kwa Kiswahili, acheni «tu» na «vous» kwa Kifaransa. Mkitafsiri zote mbili «wewe», hoja yote inakufa.

Halafu kuna mgeuko. Kitenzi kinatoka kwenye yaliyopita, kinakuwa «nous allons»: tutaonyesha dunia mtu Mweusi anaweza kufanya nini anapofanya kazi katika uhuru. «Nous» ni ileile, wakati ndio umebadilika: wale walioteswa ndio watakaojenga. Asiyeuona mgeuko huu ataandika kwamba msimamo ni mmoja tu, na atapoteza nusu ya kazi.

Kwa kuandika, mbinu tatu zinatosha. Kila aya iwe na kitenzi chenye maana (anashtaki, anakumbusha, anaahidi) badala ya «anatumia», nukuu isiyozidi mstari mmoja, halafu mistari mitatu hivi ya kueleza athari na kurudi kwenye msimamo. Mfano: «Kwa kutaja neno dogo "tu" baada ya mapigo, Lumumba anaonyesha kwamba dharau ya kila siku iliumiza kama fimbo, uchungu wake ni wa mtu aliyenyimwa heshima.»

Na kifo chake cha tarehe 17 Januari 1961 kiache nje ya uchambuzi. Tunajua kinavyouma, na wengi hujaza ukurasa mzima nacho. Lakini aliyesimama pale tarehe 30 Juni hakijui bado, na sauti unayoichambua ni ya mtu anayetazama mbele.