Elfu wameingia, watatu wamenunua

Ndugu unayeanza kuuza malakiti ya Lubumbashi, lile jiwe la kijani lenye shaba, kwenye intaneti, ukiandika ukurasa mzuri wa kueleza jiwe hili, ujue wengi watakaoletwa na Google hawatafuti bangili. Mwanafunzi anataka fomula yake, Cu₂CO₃(OH)₂. Mwingine anataka madini ya shaba kwa tani. Mwingine anauliza jiwe linatibu nini.

Wanakuharibia duka? Wao wenyewe, hapana. Mwanafunzi aliyepata fomula akaenda zake hajakuibia kitu.

Hasara inaanzia kwenye hesabu. Tuseme wanaingia watu 100, wananunua 3: asilimia 3. Wakiongezeka wanafunzi 1,000, wanunuzi wakabaki walewale 3, unasoma chini ya asilimia 0.3. Hapo mtu anashtuka, anashusha bei, anabadilisha picha, na kumbe duka lilikuwa zima. Fungua Google Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, tazama kila ukurasa umeletewa watu na maneno gani, kisha kurasa za kuuzia uzihesabu peke yake. Inachosha, lakini bila hiyo unauza gizani.

Matangazo ya kulipia ni habari nyingine. Kule kila anayebonyeza anakula dola zako, kwa hiyo weka maneno ya kuzuia, ili anayeyatafuta asionyeshwe tangazo lako; kwa Kifaransa ni kama «formule» (fomula), «minerai» (madini ghafi), «tonne» (tani). Na ukiambia Facebook imfuate kwa tangazo kila aliyewahi kuingia, utakuwa unawatangazia pete watoto wa shule.

Halafu simu! Namba ya WhatsApp ikikaa kwenye ukurasa wa maelezo, utashinda ukijibu watu wa tani. Mimi nimeiacha kwenye kurasa za bidhaa tu, na jioni napumzika.

Lakini usikimbilie kufuta. Anayeuliza namna ya kutofautisha malakiti ya kweli na ya plastiki yuko karibu kutoa pesa. Anayeuliza namna ya kuisafisha huenda tayari anayo: mwambie aiweke mbali na siki na ndimu, maana asidi inakula jiwe hili, kisha mwonyeshe hereni za kuendana na mkufu wake.

Kuna wanaoandika habari za mpira ili namba zipande tu, huku wanauza mawe. Sioni faida yake. Hao wasomaji hata ukiwapa bangili bure, watakuuliza Mazembe imefunga ngapi.